Ripoti ya Msimu na Mbuzi wa Mshenga

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na ninaapa kwa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia.

Kidole chenyewe hakipo, lakini kiapo ni kiapo.

Waliosoma wiki iliyopita wanajua kilikokwenda. Nilimwambia Bwana Anatory, mnunuzi wa kahawa pale Kiruruma, kwamba kilinyofoka Kampala mwaka 1971, nilipodaka pete ya goli la mpira wa kikapu nikabaki nikining'inia huku uwanja mzima ukilia jina langu. Ukweli ni kwamba kilikatwa na mnyororo wa baiskeli, nilipojaribu kuurudisha bila kushuka. Bwana Anatory akakitazama kile kisiki cha kidole, akatikisa kichwa kwa heshima, akanipa ukocha. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijaona goli la kikapu isipokuwa kwenye picha ya kalenda, tena ya mwaka uliopita.

Basi, mwaka ule wa 1998, mwaka wa mvua za El Nino, tulikuwa na timu ya kulipwa. Wachezaji watano, wote makuli wa ghala la Bwana Anatory. Kila mmoja mshahara wa mwezi, miche miwili ya sabuni, na mahali pa kulala katika safu ya nyumba za kampuni. Mchana wanabeba magunia ya kahawa ya maganda, jioni wanacheza juu ya sakafu ya saruji inakoanikwa kahawa hiyohiyo. Mimi nilikuwa karani wa mizani, na juu yake kocha.

Timu zilikuwa tatu: sisi Kiruruma, wenzetu wa Ihembe, na wababe wa Nkwenda. Kila timu tulikutana nayo mara tano. Jumla mechi kumi.

Nne za kwanza tulishinda zote.

Sita za mwisho tulifungwa zote, na moja tulifungwa vikapu arobaini kwa vitatu. Katika hivyo vitatu kimoja walijifunga wenyewe.

Leo naungama sababu, na naungama yote.

Tulikuwa na kijana anaitwa Desderius. Huyu hakuwa anafunga, alikuwa anapokonya. Mikono yake ilikuwa mirefu, akisimama wima anajikuna magoti. Ukidunda mpira mbele yake, kabla haujarudi juu haupo, uko kwake. Siku moja kule Ihembe alimpokonya mwamuzi filimbi mdomoni, na mwamuzi akaendelea kupuliza vidole kwa dakika nzima. Mnaobisha nendeni Ihembe mkaulize.

Mwezi wa kwanza tulikwenda Nkwenda. Nahodha wao aliitwa Rwegoshora, mzee wa miaka arobaini na sita, mpana kama mlango wa ghala, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na ndugu wengi. Desderius alimpokonya mpira mara tatu. Mara ya tatu Rwegoshora alizunguka kumtafuta, miguu ikakosana, akakaa chini kwenye saruji, pu! Watu wa Nkwenda wenyewe walicheka. Mama mmoja alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Sisi tuliimba njia nzima ya kurudi.

Mwezi wa tatu, niko kwenye mizani yangu, Desderius akaja.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Malaria?"

"Nimepata mchumba."

"Hongera! Wa wapi?"

"Nkwenda. Anaitwa Kemigisha."

"Kemigisha wa nani?"

Akaanza kuchezea jiwe la mizani. "Wa Rwegoshora."

"Rwegoshora yupi?"

"Yule."

"Yule uliyemkalisha?"

"Huyohuyo, Kocha. Nimekuja kukuomba uwe mshenga wangu. Wewe unajua kusema."

Hapo kocha mwenye akili angesema: mwanangu, subiri msimu uishe, mechi zimebaki sita tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba katika ukoo wa Rwegoshora, mshenga akifanikisha ndoa hutolewa mbuzi. Tena si kimbuzi cha kuombea radhi. Mbuzi.

"Lini twende?" nikauliza.

Tukaenda Jumapili. Rwegoshora alikuwa amekaa na ndugu zake wanne, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati. Nikasalimia, nikasifu kibanja, nikasifu migomba, nikamsifu kijana wangu mpaka mwenyewe akageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Rwegoshora akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana namjua," akasema. "Kazi anayo, pa kulala anapo, mwizi si mwizi. Lakini alinikalisha kwenye saruji."

"Ule ni mchezo tu, waitu," nikasema kwa lugha ya heshima ya kwetu.

"Sawa. Nikuulize wewe mshenga. Mkwe anampokonya baba mkwe wake kitu mkononi?"

"Hapana, waitu."

"Anamgusa kifuani?"

"Hapana."

"Anamkatiza mbele mbio kama amefukuzwa na nyuki?"

"Hata kidogo!"

"Basi nijibu. Siku nikija Kiruruma nimevaa jezi yangu, huyu atanifanya nini?"

Ndugu wote wanne wakainua macho. Nikamwangalia Desderius, jasho linamtoka mpaka kwenye ndevu. Nikamfikiria mbuzi.

"Atakupisha," nikasema.

"Mimi peke yangu?"

"Na ndugu zako."

"Ndugu zangu ni wengi."

"Wote! Akiona tu mtu wa ukoo huu ana mpira, anampisha. Ninakuahidi mimi, Polikarpi, kocha wake, mbele ya wazee hawa. Akikosea hata mara moja, uchumba uvunjwe."

Wakapiga makofi. Rubisi ikamiminwa. Nilipokuwa namaliza kikombe cha pili nikamuuliza ndugu mmoja aliyekaa kando yangu, kwa kupiga soga tu, hao ndugu wa Rwegoshora ni wangapi katika timu ya Nkwenda.

"Wanne, pamoja na yeye," akasema. "Wa tano ni mwalimu tu, wa kuja."

"Aa. Na Ihembe hamna ndugu?"

"Ihembe? Shangazi yetu ameolewa kule. Wanawe watatu wanacheza."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimekwenda kuposa msichana mmoja, nikawa nimeahidi ligi nzima.

Mechi ya tano wakaja Nkwenda nyumbani kwetu. Rwegoshora akashika mpira, akaanza kutembea kuelekea goli letu. Kutembea, siyo kukimbia. Desderius akasogea pembeni, akainamisha kichwa.

"Karibu, Tata," akasema, yaani baba.

Rwegoshora akapita. Akafunga. Akarudi zake akipokea pongezi kama mtu aliyetoka kanisani.

"Desderius, kaba!" nikapiga kelele, maana watu walikuwa wananitazama. Aliponigeukia nikamkonyeza. "Lakini kwa adabu!"

Mbaya zaidi, dakika ya kumi mpira ukatoka nje, ukaangukia miguuni pa Desderius. Mdogo wake Rwegoshora akanyoosha mkono kuuomba, kwa mazoea tu, kama wachezaji wanavyofanya. Desderius akaupangusa vumbi, akampa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Akina mama pembeni wakashangilia. "Huyu ndiye mkwe! Huyu amelelewa!"

Kumtoa nisingeweza. Wachezaji walikuwa watano tu, na wa sita katika karatasi ya usajili nilikuwa mimi.

Sasa nije kwa Harerimana, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Harerimana alizaliwa palepale Kiruruma, baba yake alitoka Burundi zamani kuja kulima. Mtu mkimya, mwembamba, anabeba gunia kama wengine wanavyobeba koti. Alikuwa na mke, Speciose, na watoto wanne, wa mwisho hajamaliza mwezi. Desderius alipoanza kupisha watu, ni Harerimana aliyekimbia kuziba. Anakaba wake, anakimbia kukaba wa Desderius, anarudi, anafunga, anaanza upya. Mechi ya saba ilipoisha alijilaza kwenye saruji na miguu yake ikaendelea kukimbia yenyewe.

Akanifuata jioni ile.

"Kocha, kwetu pia baba mkwe anaheshimiwa. Lakini mwambie Desderius amheshimu mzee nje ya mistari. Ndani ya mistari acheze."

"Nitamwambia."

"Wewe ukimwambia atasikia. Anaona haya tu."

Ndivyo wote walivyofikiri, kwamba kijana anaona haya. Hakuna aliyejua kwamba haya zile zina mbuzi.

Sikumwambia.

Bwana Anatory hakuona hata mechi moja kati ya zile sita. Tangu mwezi wa nne alikuwa Bukoba na Mwanza akihangaikia bei. Mwezi wa saba akatuma barua: "Karani, nakuja Jumamosi. Nataka ripoti ya msimu, mchezaji mmoja mmoja, na usifiche. Aliyetuangusha ataondoka kazini."

Aliyetuangusha. Nilikaa na kalamu nikatafuta mtu huyo, nikamtafuta chumba kizima isipokuwa kwenye kiti nilichokalia.

Desderius? Akifukuzwa hana kazi, hana pa kulala, Rwegoshora hampi binti, na mbuzi anabaki Nkwenda. Telesfori? Ni mpwa wa mke wangu Dafroza, na mimi nilikuwa bado napenda kula. Elpidius? Baba yake alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Fidele? Fidele ndiye mwenye mpira.

Akabaki Harerimana. Isitoshe, nyumba yake ilishikana ukuta na yangu, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kumfunga mbuzi asinyeshewe.

Nacheka ninapoandika, lakini siku ile sikucheka. Niliandika kwa hati nzuri, nikapiga mistari kwa rula.

Jumamosi tukakusanyika ghalani. Wachezaji wakakaa juu ya magunia. Neno lilikuwa limeenea kwamba kuna mtu anaondolewa, kwa hiyo wake zao walisimama mlangoni. Speciose alikuwa na kichanga mgongoni. Bwana Anatory akakaa kwenye kiti changu cha mizani.

"Soma, Karani."

Nikasafisha koo, nikasoma.

"Telesfori. Anaruka vizuri sana. Tatizo lake, anaruka mpira ukishapita."

Watu wakacheka. Telesfori akacheka pia.

"Elpidius. Ana macho makali, lakini yote mawili yako kwa akina dada wanaotazama. Ashauriwe kuoa."

"Kweli kabisa!" akasema Fidele.

"Fidele. Hakimbii, haruki, hafungi. Lakini mpira ni wake."

Bwana Anatory akatabasamu. Nilifurahi. Nilikuwa nawachekesha watu wale huku nikiwaongoza shimoni.

"Desderius. Kijana mwenye nidhamu ya hali ya juu. Hajapata kumgusa mtu tangu Pasaka."

Hapo hawakucheka. Desderius akaangalia vidole vya miguu yake.

"Harerimana," nikasoma. "Huyu ndiye chanzo cha msiba wetu. Anaacha mtu wake na kuzurura uwanja mzima kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Kila tulipofungwa, yeye alikuwa amechelewa. Hana upendo na kampuni. Moyo wake haupo kwenye kazi bali kwenye mshahara."

Nje mtoto wa Speciose akalia kidogo, akanyamazishwa.

"Harerimana," akasema Bwana Anatory. "Una la kusema?"

Harerimana akasimama, kofia mkononi. "Nilikimbia, mzee."

"Karani anasema ulikimbilia kusikokuwa kwako."

"Nilikimbia kote."

"Kwa nini uache mtu wako?"

Harerimana akamtazama Desderius. Angeweza kusema. Neno moja tu: kaulize mechi zilivyochezwa. Lakini uchumba wa mwenzake ulikuwa unaning'inia pale, na yeye alikuwa na mke na watoto wanne na bado akanyamaza.

"Nilichelewa tu, mzee," akasema.

Desderius akafungua mdomo. Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi kirefu cha mzee mwenye kifua kibaya, mpaka akaufunga.

"Basi," akasema Bwana Anatory, akitoa kalamu mfukoni. "Karani, malizia mapendekezo."

Nikageuza ukurasa.

"Meee!"

Wote tukageuka.

"Hodi humu!" Sauti kama ngoma. Akina mama wakapisha, na Rwegoshora mwenyewe akaingia, kanzu nyeupe, fimbo mkono mmoja, kamba mkono mwingine. Mwisho wa kamba kulikuwa na beberu mweusi mnene ambaye hadi leo nikimwota naamka nalia.

"Karibu, mzee," akasema Bwana Anatory. "Tuko kwenye kikao kidogo."

"Naona. Sitakawia, waitu. Nimekuja kumshukuru mtu mbele ya bosi wake, maana shukrani ya kificho si shukrani. Yuko wapi mshenga? Yule pale! Polikarpi, mbona unajificha nyuma ya mizani?"

"Sijifichi, waitu. Naipima."

"Njoo upokee mbuzi wako!"

"Peleka nyumbani, mzee wangu, tutaongea baadaye..."

"Baadaye nini! Bosi, nikwambie. Mimi nimeona washenga. Wanaahidi, wanakula, wanasahau. Huyu wako ana neno moja. Alisema kwangu, mbele ya ndugu zangu: kijana wangu hatapokonya mpira mtu wa ukoo huu. Nikasema moyoni, mwongo huyu, timu yake inaongoza, ataacheje? Mechi ya kwanza, kijana akanipisha. Ya pili, akanipisha. Kule Ihembe, akawapisha watoto wa shangazi. Sita! Mechi sita mtu ameangusha timu yake mwenyewe asivunje ahadi. Nani anaweza hivyo siku hizi?"

Akanipa kamba. Mkono wangu ukaipokea peke yake. Mimi sikuutuma.

Bwana Anatory alikuwa ameirudisha kalamu mfukoni.

"Mechi ngapi, mzee?"

"Sita, waitu. Nimezihesabu kwa furaha."

"Na aliyeahidi ni nani? Kijana?"

"Kijana alikuwa anatetemeka tu. Aliahidi huyu. Tena alisema, akikosea mara moja uchumba uvunjwe." Rwegoshora akatazama nyuso zile juu ya magunia, tabasamu lake likaanza kupungua. "Kwani nimesema vibaya?"

"Hapana, mzee wangu," akasema Bwana Anatory polepole. "Umesema vizuri kuliko wote leo. Desderius, ni kweli?"

Desderius akasimama. "Kweli, bosi. Nilimwambia Kocha mara mbili, niruhusu nikamwombe Tata anifungue. Akasema nikifungua mdomo nakosa mke na kazi siku moja."

Nilikuwa nimesahau kuwaambia ninyi wasomaji jambo hilo. Samahani. Niliposema naungama yote, nilikuwa na maana ya karibu yote.

"Karani."

"Bosi."

"Harerimana alikuwa anakaba watu wawili."

"Kuna namna ya kulitazama hivyo, bosi."

"Na ile namna yako ya kulitazama nimeisikia. Kuku na vifaranga."

Telesfori, mpwa wa mke wangu niliyemwokoa kwa kalamu yangu mwenyewe, akasema kwa sauti, "Kumbe!" Neno moja tu, lakini alilivuta mpaka likajaza ghala.

Nikapata wazo. Mimi mawazo hunijia wakati wa shida, na ndiyo maana shida hazinikaukii.

"Bosi," nikasema, "makosa ni ya binadamu. Mimi niko tayari kulipa faini. Mbuzi huyu namtoa kwa Harerimana, hapahapa, na mambo yaishe kindugu."

Nikamnyooshea Harerimana kamba.

Hakuipokea. Bwana Anatory akamgeukia. "Aliyekosewa ni wewe. Sema unachotaka."

"Mbuzi wake simtaki," akasema Harerimana.

"Unataka nini?"

Akazungusha kofia yake mikononi. Yule mtu alikuwa haongei maneno kumi kwa siku, na siku ile alikuwa ameshatumia karibu yote.

"Naomba aisome tena ripoti. Sehemu yangu. Likifika jina langu, asome lake."

Elpidius akapiga gunia kwa kiganja. Akina mama mlangoni wakasogea karibu. Rwegoshora, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akavuta gunia akakaa, yeye aliyesema hatakawia.

"Soma," akasema Bwana Anatory.

Nikasoma. Mnajua ilivyo kuisoma hati yako mwenyewe nzuri na kutamani ingekuwa mbaya?

"Polikarpi. Huyu ndiye chanzo cha msiba wetu."

"Kweli!" wakasema wote.

"Anaacha mtu wake na kuzurura..."

"Sauti!" akasema Fidele.

"...na kuzurura uwanja mzima kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Kila tulipofungwa, yeye alikuwa amechelewa. Hana upendo na kampuni. Moyo wake haupo kwenye kazi bali kwenye mshahara."

"Na kwenye mbuzi," akasema mtu mlangoni. Niliijua ile sauti lakini sikuthubutu kugeuka.

Nikakunja karatasi. "Ndiyo hivyo, bosi. Nimeisoma. Nimeaibika. Asanteni."

"Ulikuwa umegeuza ukurasa mbuzi alipolia," akasema Bwana Anatory. "Kuna mapendekezo."

"Ni mafupi, bosi, hayana maana."

"Kama ni mafupi hayatatuchosha."

Nikafungua tena. Nilikuwa nimeyaandika mapendekezo yale Alhamisi jioni, nimeshiba, nikijipongeza kwa kila neno.

"Kwa hiyo napendekeza... Polikarpi... aondolewe kazini leo hii bila kuonewa huruma, maana huruma ndiyo inayoua makampuni."

"Umeandika vizuri," akasema Bwana Anatory. "Endelea."

"Nyumba yake aikabidhi leo kabla ya jua kuzama, yeye na vyombo vyake. Na nyumba hiyo apewe..." Nikaishusha karatasi.

"Apewe nani?"

"...apewe mtumishi mwaminifu aliyevumilia msimu huu mgumu bila kulalamika, ambaye kwa unyenyekevu simtaji jina."

Mtumishi mwaminifu nilikuwa mimi. Alhamisi nilikuwa mimi. Jumamosi kila mtu ghalani alikuwa anamtazama Harerimana.

"Mtumishi huyo tunamjua," akasema Bwana Anatory. "Nyumba ya karani ina vyumba vitatu, siyo?"

"Vitatu, bosi, lakini..."

"Yeye ana watoto wanne katika chumba kimoja." Akachukua karatasi mkononi mwangu, akailaza juu ya mizani, akatoa kalamu. Nilitegemea atacheka. Nawaambieni kweli, mpaka ncha ya kalamu inagusa karatasi nilikuwa nasubiri acheke, aseme, Karani, umepata funzo, rudi kazini.

Akatia sahihi. Akaweka na tarehe.

"Ripoti ya kwanza ya kocha niliyoikubali yote," akasema. "Ufunguo."

Nikajipapasa mfuko wa shati. Nikajipapasa suruali. Ufunguo sikuwa nao. Tangu tuoane ufunguo hukaa kwenye pindo la kanga ya Dafroza.

"Uko kwa mke wangu," nikasema. "Yuko nyumbani. Nipeni nafasi nikamweleze taratibu, ana moyo..."

"Niko hapa, Baba Deodatha," ikasema ile sauti ya mlangoni.

Akina mama wakampisha. Dafroza akaingia taratibu, akanipita mimi na mbuzi wangu kana kwamba tulikuwa magunia mawili yasiyopimwa. Akafika mbele ya Speciose, akafungua fundo la kanga yake kwa meno, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha yule mama.

"Jiko linarudisha moshi upepo ukitoka Ihembe," akamwambia. "Fungua dirisha dogo, usifungue kubwa. Na kitanda cha chumba cha kati kina mguu mbovu, nilimwambia atengeneze tangu Krismasi."

"Asante, mama," akasema Speciose. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kwenye ufunguo.

"Usinishukuru mimi. Msikilize mtoto, ana njaa."

Watu wakaanza kutoka. Rwegoshora akanipita akitikisa kichwa, akamshika Desderius bega, wakaondoka wakiongea. Harerimana akavaa kofia yake, akanitazama mara moja, akaniitikia kwa kichwa kama unavyomsalimia mtu usiyemjua njiani. Ghalani tukabaki mimi, mke wangu na beberu.

Nikajikohoza.

"Sawa, Mama Deodatha. Yamepita. Tuseme leo, kabla ya jua kuzama, sisi tunakwenda kulala wapi?"

Dafroza alikuwa anafunga upya pindo la kanga, ambalo halikuwa na kitu ndani.

"Sisi?" akaniuliza.